Pembe ya Sita

Mahabusu
9 Machi 2025

Mdogo wangu Nusaiba,

Assalaam alaykum. Karatasi hii nimepewa na jirani yangu wa kulala. Ukigeuza nyuma utakuta hesabu zake za drafti, usizijali. Mama atakuletea akitoka kuniona. Kabla haijatoka hapa itasomwa na afande, kwa hiyo salamu zimfikie na yeye.

Leo natimiza siku kumi na tisa. Dhamana ipo, kinachokosekana ni mdhamini wa pili. Mjomba Mbwana ameniazima kirikuu yake, kile kigari cha mizigo, miaka miwili nibebe ndizi za watu, lakini kunidhamini ameogopa. Simlaumu.

Nakuandikia wewe kwa sababu Mama kila akija analia dakika zote kumi, nami nabaki kumwambia kwamba nakula vizuri. Wewe nataka nikueleze jambo lenyewe kama nilivyolieleza polisi. Tarehe kumi na nane Februari, kama saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nimetoka soko la Mabibo na mzigo wa ndizi naelekea Vingunguti. Spidi thelathini, haikuzidi. Pale kwenye banda la chipsi la Cyprian, yule baba alitokea nyuma ya banda akaingia barabarani. Sikumwona mpaka alipokuwa mbele ya kioo. Jina lake nimelijulia kituoni: Venance, fundi ujenzi, alikuwa anakwenda kazini. Ameacha mke.

Nashtakiwa kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo. Wakili niliyepewa na watu wa msaada wa sheria anaitwa Kokuberwa, mama wa makamo, hacheki. Aliniuliza, "Una chochote cha kuonyesha kwamba hukuweza kumwona?" Nikasema sina. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba ninacho.

Ile mitaa ya Vingunguti tuliyoichora kwa ajili ya mchezo wetu wa kompyuta, ule wa Beberu, tukiitazama kutoka juu, barabara ile imo na banda la Cyprian limo. Kompyuta unayo wewe. Tumtoe yule beberu aliyetoroka machinjioni, tuweke kirikuu na mtu anayetembea, halafu tuiache injini ya mchezo, ile programu inayouendesha, ihesabu yenyewe ni wakati gani dereva anaanza kumwona mtu. Mie humu sina hata kikokotoo. Itabidi mikono iwe yako.

Nijibu kama utaweza.

Kaka yako,
Twaha


Hosteli, Mabibo
16 Machi 2025

Kaka Twaha,

Shikamoo. Mwezi unakwenda, leo funga ya kumi na sita. Nilifuturu kwa Mama juzi. Alipika tambi nyingi kama vile upo, tukala, zilizobaki akapeleka kwa jirani.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekuja kuogopa palepale, kwenye neno "mikono". Kaka, mie ni mchoraji. Beberu ana ndevu na kwato kwa sababu mie nilimpa, lakini mambo ya kugongana ulikuwaga unaweka wewe. Ninachojua ni kile ulichonifundisha mwaka juzi: injini haioni ndevu. Inaona umbo la pembe chache lililofichwa nyuma ya picha, na maumbo mawili yakigusana ndipo inajua kitu kimegonga kitu. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Tena nikwambie ukweli, toka siku ile sijafungua hiyo kazi. Naiona kompyuta juu ya kitanda naifunika na mtandio.

Lakini nitaifungua. Niandikie kila kitu, nukta kwa nukta, kama unamwandikia mtu mjinga. Samahani sikuja kukuona mara ya pili. Ule wavu, na ile kelele ya watu wote kuongea kwa pamoja, sikusikia hata neno moja ulilosema, nikawa naitikia tu.

Mdogo wako,
Nusaiba


Mahabusu
23 Machi 2025

Nusaiba,

Si mjinga. Fuata hivi.

Kirikuu ni umbo la pembe nne, urefu mita tatu na robo, upana mita moja na nusu. Iendeshe kwa mwendo mmoja, mita nane na nukta tatu kwa sekunde, ndiyo thelathini kwa saa. Marehemu mpe pembe sita, upana nusu mita, atembee mita moja na robo kwa sekunde. Mwanzishe nyuma ya banda.

Banda la Cyprian lipe pembe tano. Nukta zake nimezichora ubavuni mwa karatasi. Zitaje kwa mpangilio, kinyume na mwendo wa mshale wa saa. Ukizichanganya injini itagoma au itakuletea kitu cha ajabu.

Halafu mstari wa jicho. Kwa kila hatua, vuta mstari kutoka anapokaa dereva mpaka alipo marehemu. Ukikatwa na umbo la banda, dereva hamwoni. Usipokatwa, anamwona. Hesabu muda kuanzia mstari unapokuwa wazi mpaka maumbo mawili yanapogusana. Muda huo ndio wakili anaoutaka.

Banda usihangaike kuligawa vipande. Pembe tano zinatosha.

Usije kuniona kama hutaki. Barua zinasikika vizuri zaidi.

Twaha


Hosteli, Mabibo
6 Aprili 2025

Kaka,

Idi imepita, sikukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na cha kusema. Ninacho.

Imekubali. Siku mbili kirikuu ilikuwa inapita juu ya mtu kama upepo, kumbe nilikuwa nimesahau kuiwekea umbo. Siku ya tatu nikapata. Dereva anaanza kumwona marehemu akiwa amebakiza mita tano. Muda ni sehemu sita kati ya kumi za sekunde, haifiki hata sekunde moja. Nimeirudia mara ishirini, jibu ni lile lile.

Nilimpelekea wakili Kokuberwa ofisini kwake. Alivaa miwani akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu akavua miwani akasema, "Hata mimi nisingewahi kusimama." Kaka, nilitoka pale nikitembea kama niliyebebwa. Mama nilipomwonyesha hakuelewa kitu, lakini nilipomwambia wakili kasema nini, alicheka. Tangu Februari sijamsikia akicheka. Sasa anawaambia watu wa mtaa wake wote wa Tandika kwamba kompyuta imemwona mwanawe hana hatia.

Kuna jambo dogo tu. Kwenye picha yangu ya zamani banda la Cyprian si la mraba. Lina kile chumba cha jiko kilichochomoza mpaka barabarani, na pembeni yake pana uwazi wa mabenchi. Nilikumbuka ulivyokuwaga unanigombeza nikiacha umbo lenye kona ya ndani bila kuligawa. Lakini umesema pembe tano zinatosha, nimeziacha tano. Wewe ndiye unayejua.

Nusaiba


Dar es Salaam
22 Aprili 2025

Kwa Bi Nusaiba Mwinshehe,

Nakusalimu. Kama nilivyokueleza kwa simu, nakusudia kuyaonyesha mahakamani yale uliyoyatengeneza. Upande wa mashtaka hakika watauliza vipimo vimetoka wapi. Siwezi kumjibu hakimu kwamba vimetoka kichwani mwa mshtakiwa.

Kwa hiyo naomba uende mwenyewe eneo la tukio ukiwa na futi, upime banda na barabara, uzungumze na mwenye banda juu ya njia aliyopita marehemu, kisha uyaingize uliyoyapata. Baada ya hapo nitaandaa kiapo na utakisaini kwamba umeyatengeneza wewe na kwamba kwa kadiri ya ufahamu wako ni ya kweli.

Maneno hayo ya mwisho uyafikirie kabla hujaja kusaini. Barua yoyote ya siri unayotaka imfikie kaka yako nipe mimi. Bahasha ya wakili haifunguliwi.

Wako katika kazi,
Kokuberwa
Wakili


Hosteli, Mabibo
4 Mei 2025

Kaka Twaha,

Barua hii anakuletea wakili mkononi. Afande hataisoma. Nasema hivi ili ujue nawe unaweza kunijibu wazi.

Wiki nne hujaniandikia. Mama anasema unaumwa kichwa. Nilidhani ni kweli.

Nimekwenda kwa Cyprian. Niliazima futi kwa seremala mmoja, Cyprian akanishikia upande wa pili. Chumba cha jiko kinachomoza mita tatu kamili. Nikamwuliza marehemu alipita wapi. Akanionyesha benchi. Akasema, "Alikuwa amekaa hapa, kanywa chai, kala chapati moja. Kasimama, kachukua ndoo yake ya vifaa, katembea sambamba na ukuta huu wa jiko, taratibu tu, mpaka barabarani." Nikamwuliza, hakutokea nyuma ya banda? Akanishangaa. "Nyuma kuna ukuta wa watu, dada. Atokee wapi?"

Nilirudi hosteli nikaingiza njia ile. Nikawasha ile mistari inayoonyesha maumbo yaliyofichwa. Unajua nilichokiona. Marehemu alikuwa anatembea ndani ya banda. Ndani kabisa, amepenya kwenye ukuta kama jini, kwa sababu pale penye mabenchi, penye uwazi, injini ilikuwa imepajaza. Ulinifundisha mwenyewe: injini haijui kona ya ndani, inazungusha kamba kwa nje na kila kilicho ndani ya kamba inakihesabu ni ukuta. Banda lina pembe sita. Ulinipa tano. Ile ya sita, ya ndani, pale lilipo benchi, uliiacha.

Nikaligawa vipande viwili. Nikarudia. Dereva anamwona akiwa mita ishirini na tano. Sekunde tatu na kidogo. Kirikuu ya spidi thelathini inasimama ndani ya mita kumi na tano hata dereva akiwa mzito.

Nilikaa nikajiuliza, sekunde tatu mtu yuko wazi mbele yake, anatembea na ndoo, Twaha anaangalia nini? Wewe huwa unaona hata nukta moja ikikosewa.

Halafu nikafungua simu yangu. Sijui kwa nini nilichelewa hivyo kuifungua. Asubuhi ile nilikuwa nakusumbua. Nilikutumia meseji tatu, beberu kakwama kwenye kona, nitaonyesha kazi darasani saa mbili, nifanyeje kaka, jibu basi. Zote zina tiki za buluu, ulizisoma. Na jibu lako lipo. "Gawa umbo vipande viwili." Saa moja na dakika kumi na nne.

Niambie si kweli.

Nusaiba


Mahabusu
11 Mei 2025

Nusaiba,

Ni kweli.

Nilijua zile pembe tano ni uongo wakati nazichora. Mkono ulikuwa mwepesi kabisa. Nilijiambia huyu ni mchoraji, hatagundua, na akigundua atajua cha kufanya kwa ajili ya kaka yake. Ndivyo nilivyokufikiria. Uliponiuliza juu ya kona ya ndani nilianza barua nne nikazichana. Kichwa sikuwa naumwa.

Sikumwona yule baba. Hilo halikuwa uongo. Niliiona ndoo ikiruka. Kwanza ndoo, halafu mwiko wake wa ujenzi, ndipo nikasikia kishindo. Simu ilikuwa bado mkononi, ikaangukia chini ya pedeli ikavunjika, na polisi hawakuiuliza. Nikaona ni Mungu kanisitiri. Sasa sijui alikuwa ananifanya nini.

Humu kuna mzee mmoja, Benjamin, ana miaka mitatu anasubiri kesi yake. Kila asubuhi anaosha shati lake moja kwa ajili ya mahakama. Namwangalia nasema nitakuwa hivi, halafu nasema yule baba niliyemgonga hana tena hata shati la kuosha.

Nakuomba mawili. Kiapo usisaini. Na habari ya simu usimwambie mtu yeyote, hata wakili, hata Mama. Wakijua watakuita shahidi, watakusimamisha mbele ya watu wakuulize uliandika nini na saa ngapi, halafu utaishi nalo. Swali lako lilikuwa swali la kawaida la mdogo kwa kaka. Aliyeshika usukani ni mimi.

Mama nitamweleza mwenyewe nikipata namna.

Twaha


Hosteli, Mabibo
25 Mei 2025

Kaka,

Hukupata namna. Aliyemweleza ni mimi.

Nilikwenda kwa wakili nikamwambia vipimo nilivyopima havikubaliani na nilivyopewa. Sikusema zaidi. Akasema, "Kuna kingine?" Nikasema hakuna. Akafunga faili. "Basi sitaonyesha kitu. Namshukuru Mungu nilikutuma na futi." Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza.

Mama nilimkuta anachambua mchele. Nilipomwambia ile ya kompyuta haitatumika tena kwa sababu mie nimesema si sahihi, aliacha ungo. Akaniuliza, "Nani alikutuma useme?" Nikasema ndiyo ukweli, Mama. Akasema, "Umemfunga kaka yako kwa futi ya kuazima." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Tangu siku hiyo ananijibu salamu tu. Nikifika ananiwekea chakula, anatoka kwenda kukaa nje.

Siwezi kumwambia yaliyobaki, umenikataza. Kwa hiyo yeye anajua nusu inayonifanya mie mbaya na hajui nusu inayokufanya wewe uwe umekosea. Nimeubeba mzigo huo hivyo hivyo.

Zile meseji nimejaribu kuzifuta. Naziweka alama, simu inaniuliza nina uhakika, narudi nyuma. Nimejaribu pia kuzipeleka kwa wakili. Nilifika mpaka kwenye ngazi zake. Nikakaa pale kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Darasani nilionyesha ile kazi siku ile, unajua? Saa mbili. Niliigawa vipande viwili kama ulivyosema, beberu akapita kwenye kona bila kukwama. Walinipigia makofi. Saa hiyo yule baba alikuwa ameshafunikwa na kanga.

Niambie utafanya nini.

Nusaiba


Gerezani
29 Juni 2025

Mdogo wangu Nusaiba,

Utakuwa umeshasikia kwa wakili, lakini nilitaka usikie na kwangu. Tarehe ishirini na nne niliposomewa shtaka upya nilisema, "Ni kweli." Wakili alikuwa amenieleza siku moja kabla kwamba nikikiri hapatakuwa na mashahidi. Hilo ndilo nililolitaka. Hakimu aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachokisema. Miaka miwili. Nimehamishiwa upande wa wafungwa, nimenyolewa, napewa kazi ya bustani.

Mama alikuwepo, alikaa safu ya nyuma. Nilipotoka aliinua mkono kidogo kama mtu anayezuia gari. Sikuelewa maana yake.

Mke wa marehemu naye alikuwepo. Anaitwa Demetria. Mwanamke mwembamba, amevaa kitenge cha msiba mpaka leo. Hakimu alimwuliza kama ana neno kabla ya hukumu. Alisimama. Hakulia. Akasema, "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Alikuwa anaangalia nini?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Sikuwa makini, mheshimiwa." Nilimjibu hakimu, yeye sikumjibu. Akasubiri kidogo, alipoona basi, akakaa.

Kwenye miaka miwili ninayajua ya kufanya. Kuna bilinganya, kuna mchicha, siku zitakwenda. Lile swali ndilo sijui nilipeleke wapi. Nikilijibu, wewe umo ndani ya jibu. Nisipolijibu, yule mama anakwenda nalo nyumbani kila siku.

Nimeshindwa, Nusaiba. Sikuandikii ufanye lolote. Nakwambia tu kwamba nimeshindwa.

Soma. Usiache chuo.

Twaha


Hosteli, Mabibo
27 Julai 2025

Kaka Twaha,

Barua hii haipiti kwa wakili. Afande ataisoma, na aisome.

Nimekwenda kwa Demetria. Sikukuuliza kwa sababu ungenikataza, na Mama bado ananijibu salamu tu. Cyprian alinielekeza, si mbali na bandani kwake, nyumba ya wapangaji sita, yeye ana chumba cha mwisho. Nilikwenda na kompyuta begani kwa sababu nilitoka darasani moja kwa moja, sikuwa na mpango nayo.

Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akanipa kigoda. Nikasema jina langu. Nikasema mie ni mdogo wake Twaha. Hakunifukuza. Alikuwa anafunga vitu vya mumewe kwenye kiroba, anavituma Mbinga kwa shemeji yake, Albano, naye ni fundi. Kuna pimamaji ya kunyooshea ukuta, kuna kamba, kuna viatu vya kazi. Aliendelea kufunga huku mie nimekaa.

Mwisho nikasema, "Mama, uliuliza swali mahakamani."

Akaacha kufunga.

Nikasema, "Alikuwa anaangalia meseji. Ilikuwa yangu. Nilikuwa namwuliza habari ya mchezo wa kompyuta, nilikuwa na haraka, nikamtumia tatu. Alikuwa ananijibu."

Nje walikuwa wanagombania bomba la maji. Nilisubiri anipige, naapa nilitaka anipige. Akaniuliza, "Mchezo gani?"

Sikujua namna ya kumweleza, kaka. Nikaanza kusema beberu, nikasema barabara, nikachanganyikiwa. Nikamwambia kwamba baadaye tuliitengeneza hata ile asubuhi yenyewe humo ndani, ili tumwonyeshe hakimu, na kwamba mara ya kwanza tuliitengeneza kwa uongo. Akasema, "Nionyeshe."

Nikasema, "Mama, si ya kuangalia."

Akasema, "Wewe umeiangalia mara ngapi?"

Nikafungua. Nikamwekea ile ya kweli, yenye banda la vipande viwili. Sikuiendesha. Ilikuwa imesimama tu, kirikuu kule mbali, banda, barabara. Alikaa karibu yangu chini sakafuni. Akaweka kidole kwenye kioo, kwenye lile umbo la pembe sita pale kwenye benchi. "Huyu ndiye yeye?"

"Ndiyo."

"Mbona hana ndoo?"

Nikasema sikuichora. Akatikisa kichwa, si kwa kukasirika. Akasema yeye bila ndoo alikuwa hatembei hivyo, alikuwa anainamia upande wa kulia, hata Jumapili kanisani asipoibeba alikuwa ameinama. Nikamwambia injini haioni hivyo. Akasema, "Naona."

Halafu akataka atembee. Nilimwambia tena kwamba si ya kuangalia. Akasubiri, nikabonyeza. Venance akaanza kutembea sambamba na ukuta wa jiko. Taratibu, mita moja na robo kwa sekunde, kama ulivyoniandikia. Kirikuu ikaanza kusogea. Demetria alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, sijui alianza lini. Moja. Mbili. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kitufe, nikasimamisha kabla maumbo hayajagusana. Ilikuwa imebaki kama hatua moja.

Tukakaa tunaangalia hatua ile moja.

Akasema, "Anaweza kurudi nyuma?"

Nikasema anaweza, humu ndani anaweza. Nikamrudisha. Akarudi kinyumenyume sambamba na ukuta, kirikuu nayo ikarudi ilikotoka, mpaka akafika kwenye benchi. Nikauliza nifunge sasa. Demetria alikuwa ameegemea kiroba, mkono mmoja ndani ya kiatu cha mumewe.

"Muache hapo kwanza," akasema.

Nikamwacha.

Mdogo wako,
Nusaiba